Umeokota paka mzee Goma? Anza hapa

Kwenye avenyu yetu ya Katindo watoto wananiita Mama Koko, na wakiniita wanacheka, maana koko ni bibi kizee na mimi sina bibi kizee nyumbani. Nina paka, jina lake Koko. Majirani walimwacha Mei 2021, siku mji mzima ulipoikimbia volkano ya Nyiragongo kuelekea Sake na Minova, nao hawakurudi. Chonge zake mbili zilikuwa zimekwisha kuanguka zamani, kwa hiyo siwezi kukuambia kama leo ana miaka kumi na minne au kumi na saba. Tangu hapo kila aliyeokota paka mzee ananifuata na maswali yale yale. Hataki kula. Kajificha. Kakojolea godoro. Nimpe maziwa? Nimechoka kujibu mmoja mmoja, ndiyo maana naandika.

Shika jambo moja kwanza. Paka mtoto anataka michezo, lakini paka mzee anataka kesho ifanane na jana. Karibu kila kosa nitakalokutajia hapa chini ni la mtu aliyetaka kumfurahisha kwa kumbadilishia kitu.

Ni mzee kweli?

Paka wa miaka 11 kwenda juu ni mzee, na wa miaka 15 ni sawa na mtu wa miaka sabini na kitu. Mtazame meno: yamegeuka rangi ya kahawia, yamelika, mengine hayapo. Macho yana ukungu wa buluu katikati. Mifupa ya nyonga unaihisi ukimpapasa, na manyoya ya mgongoni yameshikana mafundo kwa sababu hawezi tena kujipinda kuyalamba. Ukiona mawili au matatu kati ya hayo, endelea kusoma.

Vitu vya kutafuta kabla hajaingia ndani

- Kona moja ya nyumba inayofungika. Si lazima chumba kizima, nyumba zetu za mbao tunazijua.
- Basini pana ya plastiki, ukingo wake uwe mfupi.
- Unga wa mbao kutoka kwa seremala. Nenda na mfuko wako, wengi wanakupa bure. Ukikosa, chuja mchanga mweusi wa volkano.
- Kartoni mbili, sweta kuukuu na kipande cha kitenge.
- Sahani bapa, na bakuli la maji lenye mdomo mpana.
- Chupa ya plastiki ya lita moja na soksi moja kubwa.
- Kikapu chenye kifuniko, na kamba ya kukifungia.
- Daftari.

Usiingie duka lolote kutafuta vitu «vya paka» kwa dola. Hivyo nilivyotaja vinatosha.

Hatua kwa hatua

1. Mpe kona moja, usimwonyeshe nyumba. Wiki mbili za kwanza dunia yake iwe ndogo: choo upande huu, chakula upande ule, kartoni katikati. Koko alikaa chini ya kitanda siku tisa. Mchana nilikuwa naona macho tu. Usiku nikisikia sahani inagonga mbao za sakafu, najua anakula, nalala. Siku ya kumi alitoka mwenyewe, akaketi katikati ya chumba, akanitazama, akafumba macho polepole na kuyafumbua. Nikafumba na mimi. Hiyo ndiyo salamu yao, jifunze kuijibu.

Usimvute mguu. Usiite watoto wa parseli nzima waje kumwona. Keti chini, mpe mgongo, chambua sombe lako. Kama una paka mwingine, mlango ubaki umefungwa siku zote hizo, na wabadilishane vitambaa vya kulalia ili wazoeane kwa harufu kabla ya kuonana.

2. Choo kifupi, kisafi, mbali na sahani. Paka mzee viungo vinamuuma hata kama halii. Ukingo ukiwa mrefu atajaribu mara moja, mara ya pili atachagua godoro lako. Kata upande mmoja wa basini kwa kisu cha moto ubaki kama vidole vitatu, kisha ulainishe ule mkato usimchubue. Mwaga unga wa mbao kina cha vidole viwili. Makoro, yaani mawe ya lava, usiyaweke hata yakiwa madogo. Mawe yetu ya lava yanakata kandambili, sembuse nyayo za mzee.

Zoa kila siku, utupe kwenye choo cha shimo, usitupe kwenye bustani ya lengalenga. Mavi ya paka yanaweza kubeba vijidudu vinavyomdhuru mtoto tumboni, na vijidudu hivyo huhitaji angalau siku moja nje kabla ya kuweza kuambukiza. Kwa hiyo anayezoa kila siku ameshavitangulia. Hata hivyo mwenye mimba amwachie mwingine kazi hiyo.

3. Chakula: nyama au samaki, si bugali. Wahenga walisema paka hashibi kwa wali, matilaba yake ni panya, na hapo walisema kama wataalamu. Mwili wa paka hauwezi kujitengenezea wa kutosha kitu kinachoitwa taurini, ambacho kinapatikana kwenye nyama na samaki. Akikikosa kwa miezi mingi, macho yanaharibika na moyo unachoka. Bugali lenye mchuzi linajaza tumbo tu.

Hapa Goma tuna bahati ya sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Wao wenyewe ni wageni, waliletwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, leo hakuna anayekumbuka. Nunua wabichi asubuhi sokoni Kituku au popote unapoamini, uwaoshe, uwachemshe dakika chache bila chumvi, bila mafuta, bila kitunguu. Usimpe wabichi: baadhi ya samaki wabichi wana kitu kinachoharibu vitamini B1, na moto unakimaliza. Maji ya kuchemshia usimwage, maana sehemu ya taurini imehamia humo. Mimi nawaponda kwa uma pamoja na vichwa, kwa sababu mifupa yao midogo laini ndiyo inayompa kalisi, halafu namwagia supu yake juu. Asiye na meno analamba, anameza, anamaliza.

Sambaza peke yao mwaka mzima si vizuri. Mara mbili tatu kwa wiki badilisha: moyo wa ng'ombe uliokatwakatwa (una taurini nyingi), kuku aliyetolewa mifupa, yai lililoiva. Maini kidogo tu, mara moja kwa wiki, yakizidi yanamletea ugonjwa wa mifupa. Paka wa kilo nne anahitaji kama gramu 150 hadi 200 za chakula hicho kwa siku. Zigawe mara tatu au nne, kwa sababu tumbo la mzee linapenda kidogo kidogo. Kipashe moto kiwe vuguvugu kama damu. Pua yake imechoka, na chakula cha baridi hakisikii.

Sambaza wa kukaanga wa barabarani, wenye chumvi na pilipili, ni wako wewe. Makayabu, samaki wa chumvi, vilevile.

4. Maji. Mpe maji yale yale unayokunywa wewe, si yale ya bidoni la kufulia. Maji ya mvua yaliyotoka kwenye bati siku ambazo moshi wa Nyiragongo umelalia mji usimpe, yanabeba vitu vya volkano. Bakuli likae mbali na sahani, lijazwe mpaka ukingoni. Koko haoni vizuri, kwa hiyo kwanza anachovya kidole cha mguu atafute maji yalipo, anakikung'uta, ndipo anakunywa. Nikilijaza nusu, anachovya hewa, ananiangalia.

Mara moja kwa mwezi pima: jaza kwa kikombe unachojua ujazo wake, upime yaliyobaki kesho saa ile ile. Paka wa kilo nne akipita mililita 400 kwa siku, kuna ugonjwa. Andika kwenye daftari.

5. Joto, lakini si la mbabula, jiko la mkaa. Mji wetu uko mita 1,500 juu ya bahari na usiku wa mvua upepo unapita katikati ya mbao kama hakuna ukuta. Mzee asiye na nyama mwilini anateseka. Lalisha kartoni ubavu, tandika sweta ndani, funika juu kwa kitenge. Saa ya kulala jaza ile chupa maji ya moto yasiyochemka, kaza kifuniko, itie kwenye soksi, iweke upande mmoja wa kartoni ili akisikia joto limezidi aweze kusogea. Asubuhi chupa imepoa na yeye bado ameilalia.

Mbabula ya makala ni adui wawili kwa pamoja. Wa kwanza unamwona: paka mzee anasogea, anasogea, mpaka masharubu yanaungua na hajastuka. Wa pili haonekani wala hanuki. Ni hewa ya makala katika chumba kilichofungwa, inayoua paka na mwenye paka. Mbabula ibaki nje.

Na wewe unayekaa Kyeshero, Himbi, au karibu na ziwa upande wa magharibi, unajua mazuku, hewa ya sumu inayotoka ardhini. Ile hewa ni nzito, inatulia mabondeni na kwenye mashimo ya lava, hasa usiku na alfajiri wakati hakuna upepo, na mnyama anayelala chini ndiye anayekufa kwanza. Kartoni isikae kwenye sehemu ya chini kabisa ya parseli, wala kwenye shimo la chini ya nyumba. Iweke juu ya kitu, umjengee ngazi kwa matofali mawili au kreti ili asiruke. Mahali panapojulikana kuwa na mazuku si pa kulaza kiumbe yeyote.

6. Mpeleke kwa veterineri mara moja mapema, akiwa mzima. Wengi wa madaktari wetu wa mifugo wamezoea ng'ombe na mbuzi, si kosa lao. Sema mapema kwamba ni paka, tena mzee, na dawa ipimwe kwa kilo zake. Omba vitu vinne: chanjo ya kichaa cha mbwa, dawa ya minyoo, kuangaliwa mdomo, na kama ni dume asiyehasiwa, ushauri kama umri wake unaruhusu. Akikuuma kabla hajachanjwa, osha jeraha kwa maji na sabuni dakika 15 nzima, halafu nenda hospitali siku hiyo hiyo uulizie chanjo. Usisubiri uone paka atakavyokuwa.

Kilo usingoje daktari. Mwenye duka la mchele ana mizani. Pima kikapu kitupu, pima kikapu na paka, toa hesabu, kila mwezi. Atacheka, mwache acheke. Paka aliyekuwa na kilo 4 akawa na 3.6 amepoteza sehemu moja ya kumi ya mwili wake, na kwa macho huwezi kuona kwa sababu ya manyoya.

7. Manyoya na kucha. Mchane kwa kitana cha meno mapana dakika mbili kwa siku, uanzie shingoni. Fundo lisilofunguka usilikate kwa mkasi, ngozi ya paka mzee ni kama karatasi na inapanda na fundo. Tenganisha kwa vidole, hata kama itachukua siku tatu. Kucha zake hazijinoi tena, zinapinda na kuingia kwenye nyama. Kata ncha tu kwa kikata kucha, usiguse sehemu ya waridi.

8. Saa zile zile, mahali pale pale. Chakula saa kumi na mbili asubuhi, saa saba, saa kumi na mbili jioni. Kitana baada ya chakula cha asubuhi. Jua la saa nne linapoingia dirishani, kartoni iwe hapo. Mwaka wa kwanza nilihamisha sahani yake mita mbili kwa sababu ya kupiga rangi, akakaa siku nzima bila kula, ameketi mahali sahani ilipokuwa, anaangalia sakafu. Nikairudisha. Rangi ya kona ile mpaka leo haijapigwa.

Atalala saa kumi na sita, kumi na nane kwa siku. Si ugonjwa. Akikoroma ukimpapasa, akinyoosha miguu ya mbele na kufungua vidole, akikulalia mguu ukafa ganzi, umemfikisha.

Nje asitoke. Nje kuna mbwa, kuna motari, kuna sumu ya panya. Wahenga walisema paka wa nyumba haingwa, yaani hafukuzwi, lakini paka wa nyumba akitoka anaingwa na kila mtu, na wapo wanaomwona mlozi kwa sababu tu ni mzee na mweusi.

9. Kikapu cha kukimbilia. Hii haimo kwenye miongozo ya miji mingine. Mei 22, 2021 lava ilishuka jioni, na Mei 27 alfajiri tukaambiwa tuhame. Hakuna aliyepata muda wa kutafuta paka chini ya kitanda. Kikapu kikae wazi chumbani siku zote, kitenge chake ndani, umpe chakula humo mara moja kwa wiki mpaka aone ni nyumba. Kamba ifungwe kwenye mpini. Mlipuko wowote utakaosikia, wa mlima au wa bunduki, atakimbilia anapopajua, na hapo funika, funga, nenda.

Makosa yanayoua

Paracetamol. Niliandika peke yake ili usiiruke. Jirani yangu aliambiwa kwenye famasi moja ampe paka wake nusu kidonge kwa ajili ya homa. Kufika jioni ufizi ulikuwa wa kahawia kama udongo, uso umevimba, asubuhi hayupo. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kinatosha kuua paka mzima. Ibuprofeni na aspirini usimpe pia.

Sumu ya panya inayouzwa sokoni kwa vipakiti. Paka hahitaji kuila, anakula panya aliyeila. Ukitega sumu ndani ya parseli, umemtega yeye, na mzee anakamata panya mlegevu kwa sababu ndiye pekee anayemweza.

Dawa ya viroboto ya mbwa. Soma nyuma, ikiwa na permetrini inamtetemesha paka mpaka afe. Kitana cha meno membamba na maji ya sabuni ya kuzamishia viroboto vinafanya kazi polepole, lakini vinafanya.

Maziwa hayaui. Yanamharisha tu, na mzee aliyeharisha siku mbili amekauka. Vitunguu na vitunguu saumu vinaharibu damu yake, hata vikiwa vimepikwa ndani ya supu.

Mambo yakienda vibaya

*Hataki kula.* Saa 24 za kwanza: pasha supu ya sambaza, mpake kidogo mdomoni, angalia kama ana jino linalooza. Siku mbili bila kula chochote, mpeleke. Paka asiyekula siku kadhaa ini lake linajaa mafuta na linashindwa, hasa akiwa mnene.

*Anakula sana na anakonda.* Inaweza kuwa tezi ya shingoni, kisukari, au minyoo. Peleka na daftari lako la kilo.

*Anakunywa sana, anakojoa sana.* Mara nyingi ni figo. Hazirudi zikawa mpya, lakini supu nyingi, maji karibu naye na daktari anayejua vinampa miezi mizuri, wakati mwingine miaka.

*Anaingia chooni, anajikamua, hakuna kinachotoka.* Kama ni dume na ni mkojo, usilale. Njia imeziba, na ndani ya siku moja au mbili anakufa. Kama ni choo kikubwa, ongeza supu na kijiko cha boga lililopondwa, umpe siku moja.

*Anakojolea nje ya basini.* Usimpige, usimsugue pua. Shusha ukingo, badilisha unga, weka basini ya pili anapokojolea. Ikiendelea ni ugonjwa, si jeuri.

*Analia usiku.* Huenda hasikii vizuri, kaamka gizani, umeme umekatika, hajui yuko wapi. Acha taa ndogo ya sola, msemeshe ukiwa kitandani, mguse ajue upo. Kama ni kila usiku na ni jambo jipya, mwambie daktari. Lakini usiamke kumpa chakula. Koko nilimpa mara moja, mwaka 2022, sambaza watatu, nikidhani ni usiku ule tu. Tangu hapo saa tisa kamili ya usiku ananigonga shavu kwa mkono mmoja, kucha ndani, na mimi naamka.